Mwimbishaji: Pete Seeger kati ya mgomo na haki za raia

Katika ibada ya mkesha kuna watu wawili ambao mgeni anaweza kuwachanganya. Mmoja ni mwimbaji: akisimama, wengine hunyamaza wamsikilize. Mwingine ni mwimbishaji. Huyu huanza pambio, akarusha mstari, akaacha umati uupokee, na kabla ubeti haujaisha ameshatamka neno la ubeti unaofuata ili asiwepo wa kusema hakujua maneno. Sauti yake inaweza kuwa ya kawaida tu. Ukitaka kujua kama kazi ameiweza, usimsikilize yeye, sikiliza waliokaa nyuma karibu na mlango.

Pete Seeger, Mmarekani mpiga banjo (ala ya nyuzi) aliyezaliwa New York mwaka 1919 na kufariki Januari 2014 akiwa na miaka 94, kwa kawaida huelezwa kama mwimbaji wa nyimbo za jadi aliyejitia katika siasa. Ukimpokea hivyo, mengi hayaelezeki. Kwa nini wimbo uliomtambulisha zaidi, "We Shall Overcome", ni wimbo ambao hakuutunga? Kwa nini vyama vya wafanyakazi alivyovipenda vilimtupa, na vijana weusi wa Kusini, ambao hakuwa mmoja wao, wakaupokea mzigo aliokuwa ameubeba? Na kwa nini hadi leo kuna wanaomwita shujaa na wanaomwita Mzungu aliyesajili nyimbo za Weusi? Mimi naona alikuwa mwimbishaji, na kwamba sifa zake na makosa yake vyote vimetoka humo.

Wimbo unaosukuma kazi, wimbo unaoisimamisha

Kazi na wimbo ni ndugu wa siku nyingi. Waswahili walikuwa na wawe shambani na kimai baharini. Marekani nako mabaharia waliovuta kamba, watumwa mashambani na wafungwa waliopasua mawe walikuwa na nyimbo zao. Hizo zote husukuma kazi iende. Wimbo wa mgomo hufanya kinyume chake: huwaweka watu pamoja wakati kazi imesimama, mshahara haupo, na kila mmoja anafikiria kurudi kiwandani kimyakimya kabla ya jirani yake.

Chama cha wafanyakazi cha IWW kilianza kuchapa vijitabu vyekundu vya nyimbo za wafanyakazi mwaka 1909. Mtunzi wake mashuhuri, Joe Hill, mhamiaji kutoka Sweden aliyepigwa risasi na serikali ya jimbo la Utah mwaka 1915 kwa kesi ya mauaji ambayo mpaka leo inabishaniwa, alikuwa na hoja nyepesi: kijikaratasi cha siasa, hata kiwe kizuri vipi, mtu hukisoma mara moja, wimbo huushika moyoni na kuurudia. Mbinu yake ilikuwa kuchukua lahani ya kanisani ambayo kila mtu tayari anaijua na kuitia maneno mapya. Hapo hakuna wa kufundishwa. Unabadilisha neno, umati unaendelea.

Mwaka 1931, kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Harlan County, Kentucky, Florence Reece alifanya hivyohivyo. Watu wa mkuu wa polisi wa eneo hilo, aliyekuwa upande wa wenye migodi, walivamia nyumba yake wakimtafuta mumewe, kiongozi wa mgomo. Walipoondoka, Florence alibandua kalenda ukutani na nyuma yake akaandika maneno ya "Which Side Are You On?", yaani uko upande gani, kwa lahani ya wimbo wa zamani wa dini.

Seeger hakuwa mtoto wa mgodi. Baba yake, Charles, alikuwa msomi wa muziki. Mama yake, Constance, alikuwa mpiga fidla. Banjo ya nyuzi tano ilimnasa mwaka 1936 kwenye tamasha la ngoma za milimani huko Asheville, North Carolina. (Banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari katika kumbukumbu za waliouzwa utumwani, na kufikia siku aliyoiona Seeger ilikuwa mikononi mwa Wazungu wa milimani.) Aliingia Harvard, akatoka mwaka 1938 bila shahada, akafanya kazi chini ya Alan Lomax kwenye hazina ya nyimbo za jadi ya Maktaba ya Bunge mjini Washington. Kazi ilikuwa kusikiliza santuri, nyingi mno, na kuchagua zinazofaa kuhifadhiwa. Huko ndiko alikopata sikio.

Machi 1940 alikutana na Woody Guthrie, mtu wa Oklahoma aliyewaimbia wakulima waliofukuzwa na ukame. Mwaka uliofuata wakawa pamoja katika kundi la Almanac Singers, pamoja na Lee Hays na Millard Lampell. Santuri zao za "Talking Union" zilikuwa na wimbo uliotamkwa zaidi kuliko kuimbwa, unaoeleza hatua kwa hatua namna ya kuanzisha chama cha wafanyakazi: ongea na wenzako, chapa karatasi, itisha mkutano, jihadhari na wapelelezi wa bosi. Wimbo wa Florence Reece nao ulikuwamo. Kutoka nyuma ya kalenda ya jikoni, ukaingia kwenye santuri, na kutoka hapo ukafika kwenye kumbi za vyama ambavyo havikuwahi kumsikia Florence.

Lango la kiwanda cha sigara, Charleston

Hapa pana haja ya kukaa kidogo.

Oktoba 1945, wafanyakazi wa kiwanda cha American Tobacco mjini Charleston, South Carolina, waligoma. Wengi wao walikuwa wanawake weusi. Chama chao, FTA, kilikuwa chini ya CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, nacho kiliandikisha Weusi na Weupe pamoja, jambo ambalo Kusini ya miaka ile lilikuwa karibu na uhalifu. Mgomo ulichukua miezi mitano, kipindi cha baridi na mvua. Kila jioni, kabla ya kutawanyika kutoka langoni, mwanamke mmoja aitwaye Lucille Simmons alianzisha wimbo wa kanisani kwa mwendo wa polepole, akiivuta kila silabi: "I will overcome", nitashinda. Pale langoni ukageuka kuwa "We will overcome", tutashinda.

Kiswahili kina utani wake hapa. Kushinda ni kupata ushindi. Kushinda pia ni kukaa mahali kutwa. Wanawake wa Charleston walishinda langoni miezi mitano wakiimba kwamba watashinda.

Asili ya wimbo wenyewe ni uzi uliosokotwa kwa nyuzi nyingi. Mchungaji Charles Albert Tindley wa Philadelphia, mtoto wa mtumwa, alichapisha mwanzoni mwa karne ya 20 wimbo wenye kauli ya "I'll overcome some day". Maneno ya beti zake na lahani yake vinatofautiana na wimbo tunaoujua leo. Lahani inakaribiana zaidi na pambio jingine la makanisa ya Weusi, "I'll Be All Right". Kwa hiyo anayesema Tindley ndiye mtunzi anasema kipande cha kweli, na anayesema hauna mtunzi naye ana kipande chake. Pambio ndivyo zilivyo. Nani alitunga mapambio tunayoimba kwenye mikesha yetu?

Baadhi ya waliogoma walikwenda Monteagle, Tennessee, kwenye Highlander Folk School, shule ambayo Myles Horton na Don West waliianzisha mwaka 1932 kuwafunza wafanyakazi kujipanga. Weusi na Weupe walilala nyumba moja na kula meza moja, kinyume cha sheria za jimbo. Zilphia Horton, mke wa Myles, ndiye aliyeshika muziki. Kila kundi lililokuja aliliuliza: nyinyi mnaimba nini? Wanawake wa Charleston wakamwachia wimbo wao. Mwaka 1947 Zilphia alimfundisha Seeger, na mwaka 1948 Seeger akauchapa katika jarida la People's Songs, jumuiya aliyoianzisha na wenzake mwishoni mwa 1945 ili kuvipelekea nyimbo vyama vya wafanyakazi nchi nzima.

Kuna jambo ambalo wengi huliruka. Zilphia na Lucille wangeweza kutosahaulika hata bila Seeger, lakini wimbo ungebaki mlimani. Alichofanya Seeger ni kuusafirisha. Aliongeza beti, ukiwemo ule wa kushikana mikono, akautia mwendo wa kutembea, na baada ya muda "will" ikawa "shall". Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama badiliko hilo lilikuwa lake au la Septima Clark, mwalimu mweusi wa Charleston aliyekuja kufundisha Highlander. Alisema tu kwamba "shall" hufungua mdomo vizuri zaidi. Mswahili hawezi hata kuusikia mjadala huo. Kwetu yote ni -ta-. Tutashinda ni tutashinda.

Vyama vilipomfungia mlango

Seeger alitegemea kwamba baada ya vita Marekani ingekuwa na vyama vya wafanyakazi vinavyoimba. Haikuwa. Baadaye alilalamika kwamba viongozi wengi wa vyama hawakuona muziki unahusianaje na kitoweo mezani. Lakini kulikuwa na sababu nzito zaidi.

Mwaka 1947 Bunge lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, iliyowataka viongozi wa vyama wale kiapo kwamba si Wakomunisti, vinginevyo chama kipoteze ulinzi wa serikali. CIO ikaanza kujisafisha. Kati ya 1949 na 1950 ilivifukuza vyama 11 vya mrengo wa kushoto, na kimojawapo kilikuwa FTA, chama cha wanawake wale wa Charleston. Basi wimbo ukadumu kuliko chama kilichouzaa.

Na Seeger mwenyewe je, alikuwa Mkomunisti? Alikuwa. Alijiunga na vijana wa chama hicho akiwa Harvard, akawa mwanachama kamili mwaka 1942, akaacha karibu na mwisho wa miaka ya 1940. Watetezi wake hupenda kulipitia hili haraka. Si sawa. Mei 1941 Almanac Singers walitoa nyimbo za kupinga Marekani kuingia vitani, zikimkejeli Rais Roosevelt. Juni mwaka huohuo Ujerumani ilipoivamia Urusi, msimamo wa chama ukageuka, na santuri zile zikaondolewa haraka. Kundi likaanza kuimba nyimbo za kuunga mkono vita. Mtu anayejiita sauti ya wananchi halafu akabadilisha wimbo kwa sababu Moscow imebadilisha yake, anastahili kuulizwa. Seeger mwenyewe alipozeeka alikiri kwa maandishi kwamba alikosea kutomtambua Stalin mapema kuwa ni katili.

Ila tusisahau upande wa pili wa mizani. Katika Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, chama hicho kilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mzungu na Mweusi wangekaa meza moja kupanga jambo. Ndiyo maana waliopinga haki za Weusi waliona rahisi kuliita kila dai la usawa "ukomunisti". Septemba 1949, baada ya onyesho la mwimbaji mweusi Paul Robeson huko Peekskill, New York, ambalo Seeger alishiriki, umati ulijipanga barabarani na kuyapiga mawe magari ya waliohudhuria. Gari la Seeger lilikuwa na familia yake ndani. Mawe mawili au matatu yaliyoingia garini aliyahifadhi, na alipojenga nyumba yake kule Beacon, kando ya mto Hudson, aliyajengea kwenye bomba la moshi.

Kundi lake jipya, The Weavers, lilipata umaarufu mkubwa mwaka 1950: "Goodnight, Irene", wimbo waliojifunza kwa mwimbaji mweusi Lead Belly, ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki 13. Lead Belly alikuwa amefariki miezi michache kabla, hana kitu. Mwaka huohuo Seeger akatajwa kwenye kitabu cha kuwaorodhesha wasanii washukiwa wa ukomunisti, na kufikia 1952 redio, televisheni na kumbi kubwa zilikuwa zimelifungia kundi milango.

Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza kile ilichokiita shughuli zisizo za Kimarekani. Wengi walioitwa walikimbilia kifungu cha Katiba kinachomruhusu mtu asijitie hatiani. Seeger hakukitaka, kwa kuwa kukitumia ni kama kusema kuna hatia ya kuficha. Aliwaambia kwamba hatajibu maswali juu ya marafiki zake, imani yake ya dini au siasa, wala alivyopiga kura, na kwamba si haki kumuuliza Mmarekani yeyote maswali hayo, hasa kwa kulazimishwa. Kuhusu nyimbo zake alikuwa tayari kuzungumza, hata kuziimba palepale. Kamati haikutaka kuimbiwa. Machi 1957 alishtakiwa kwa makosa kumi ya kulidharau Bunge. Mwaka 1961 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka 1962 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu kwa kuwa hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro.

Televisheni imefungwa, redio imefungwa, vyama navyo vinamkwepa. Alibakiwa na nini? Shule, kambi za watoto, vyuo. Aliimbisha popote ambapo mwalimu mmoja angethubutu kumwalika, kwa malipo kidogo, akiondoka kabla wapinzani hawajajua amefika. Waliomfungia walidhani wanamzima. Watoto waliojifunza nyimbo hizo kambini mwaka 1953 walikuwa na umri wa chuo mwaka 1960.

Kutoka mgomo hadi kaunta ya chakula

Septemba 1957 Highlander ilisherehekea miaka 25. Martin Luther King alikuwa mzungumzaji. Rosa Parks, aliyekuwa amehudhuria mafunzo hapo miezi michache kabla ya kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery mwaka 1955, naye alikuwepo. Seeger, mshtakiwa mwenye kesi mahakamani, akapiga banjo na kuimbisha wimbo wa Charleston. Baadaye garini King alisema kwamba wimbo ule unaganda kichwani. Mpelelezi wa jimbo la Georgia alikuwapo pia, na picha ya King aliyoipiga siku ile ilikuja kuwekwa kwenye mabango ya barabarani yenye maandishi kwamba King amesoma shule ya Wakomunisti.

Miaka miwili baadaye, Julai 1959, polisi waliivamia Highlander usiku. Walikuwamo wanafunzi wa Montgomery. Taa zilizimwa, na gizani msichana wa miaka 14, Jamila Jones, akaanzisha ubeti ambao haukuwemo: "We are not afraid", hatuogopi. Ubeti huo ulizaliwa hapo, kwa mtoto, na tangu siku hiyo haujatoka.

Aliyeupeleka wimbo mahali ulipokuwa unahitajika zaidi si Seeger. Zilphia Horton alifariki mwaka 1956, na kazi yake ya muziki Highlander ikachukuliwa mwaka 1959 na Guy Carawan, kijana Mzungu wa California. Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wa Greensboro, North Carolina, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya Weupe na kugoma kuondoka. Ndani ya wiki chache miji mingi ikafuata. Aprili, wanafunzi hao walipokutana chuo cha Shaw mjini Raleigh kuunda SNCC, jumuiya ya wanafunzi ya kupigania haki za Weusi, Carawan aliwaimbisha. Walisimama, wakashikana mikono.

Vijana wengi waliijua lahani kutoka makanisani kwao. Walichorudishiwa kilikuwa chao, ila kimekwenda safari: kimetoka kanisani, kikapita kiwandani, kikalala Highlander, kikapita kwenye banjo ya Mzungu, sasa kimerudi nyumbani na nguo nyingine. Huko Albany, Georgia, mwaka 1961 na 1962, waliivua nguo hiyo. Waliondoa gitaa, wakarudisha makofi na sauti za kanisa, wakaupunguza mwendo. Bernice Johnson Reagon, binti wa mchungaji aliyefukuzwa chuo kwa kuandamana, akawa mmoja wa Freedom Singers, kundi la SNCC lililozunguka nchi kuchangisha fedha. Seeger alikuwa ameishauri SNCC kuunda kundi la aina hiyo. Toshi, mkewe, ndiye aliyepanga safari zao. (Toshi Seeger anastahili makala yake. Kila mahali mumewe alipofika kuimbisha, yeye alikuwa ameshapiga simu.)

Reagon ndiye aliyetoa hoja ambayo mimi naiona kali kuliko zote kuhusu wimbo huu. Watu husifu badiliko la "mimi" kuwa "sisi" kana kwamba ni kupanda ngazi. Yeye alieleza kwamba kwa watu weusi "mimi" ndiyo kauli nzito zaidi: ukisema nitashinda, umejifunga mwenyewe mbele ya wote. Ukisema tutashinda, unaweza kujificha nyuma ya wenzako. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni silabi moja, ni- na tu-, na bado kila mtu aliyewahi kuahidi mchango kwenye harusi anajua umbali uliopo kati ya "tutachanga" na "nitachanga".

Wimbo wa Florence Reece nao ulipita njia hiyohiyo. Mwaka 1961 mwanaharakati mweusi James Farmer, akiwa amefungwa Mississippi na wenzake wa safari za mabasi za kupinga ubaguzi, aliuandikia maneno mapya ya haki za raia. Hata maandamano ya Washington ya Agosti 1963, ambayo wengi huyakumbuka kwa hotuba ya King, jina lake kamili lilikuwa maandamano ya kudai ajira na uhuru, na mzee aliyeyaanzisha, A. Philip Randolph, alikuwa kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala. Vitabu vya shule hutenganisha harakati za wafanyakazi na harakati za Weusi katika sura mbili. Nyimbo hazikupata habari hiyo.

Machi 15, 1965, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji kwenye daraja la Selma, Rais Lyndon Johnson alisimama mbele ya Bunge kudai sheria ya haki ya kupiga kura na kuyatamka maneno yale: "And we shall overcome." Siku chache baadaye Pete na Toshi walikuwa kwenye maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery. Seeger alitembea na daftari, akiandika nyimbo alizosikia njiani.

Mirabaha

Sasa fundo gumu. Mwaka 1960, kisha 1963, "We Shall Overcome" ilisajiliwa hakimiliki kwa majina ya Zilphia Horton, Guy Carawan, mwanamuziki Frank Hamilton na Pete Seeger. Wote Weupe. Lucille Simmons hayumo.

Maelezo yao yalikuwa kwamba bila kuusajili, mfanyabiashara yeyote angeuwahi. Mirabaha ilipelekwa kwenye mfuko unaosimamiwa na Highlander kwa ajili ya kazi za sanaa na harakati za Weusi wa Kusini. Nayaamini maelezo hayo. Majina yaliyokosekana bado yanauma. Mwaka 2016 kesi ilifunguliwa kupinga hakimiliki hiyo, na mwaka uliofuata jaji wa New York akaamua kwamba kubadili "will" kuwa "shall", na marekebisho mengine madogo kwenye ubeti mkuu, si utunzi mpya wa kulindwa na sheria. Januari 2018 wimbo ukatambuliwa kuwa mali ya umma. Jaji alifika pale ambapo sarufi yetu ilikuwa imetangulia.

Kwa Afrika hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" Johannesburg na kuiuza haki yake kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Miaka kumi hivi baadaye Lomax alimpa Seeger santuri hiyo. Seeger alisikiliza neno "uyimbube" na kuandika "wimoweh", kwa kuwa ndivyo sikio lake lilivyolipata. The Weavers waliurekodi, na jina lililoandikwa kama mtunzi lilikuwa Paul Campbell, mtu asiyekuwepo. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliugeuza kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukauzwa dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Seeger aliwahi kumpelekea dola 1,000 na kuwaagiza wachapishaji wawe wanamlipa. Kisha hakufuatilia kama agizo limetekelezwa, jambo alilolijutia hadharani alipokuwa mzee. Familia ya Linda ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006.

Kosa hilo ni la mwimbishaji hasa. Mtu aliyezoea kwamba wimbo ni wa wote, kwamba kazi yake ni kuupokea huku na kuupeleka kule, husahau kwamba njiani kuna kaunta ya kulipia, na kwamba anayesimama nyuma ya kaunta hajasahau. Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii. Seeger aliimba hata "Malaika", na sisi wenyewe bado tunabishana kama ni wa Fadhili William aliyeurekodi, au wa Adam Salim, au wa mwingine.

Usiku wa Oktoba 21, 2011, Seeger alitoka kwenye onyesho upande wa juu wa Manhattan, akaandamana na vijana waliokuwa wakipinga mabenki ya Wall Street. Alikuwa na miaka 92 na fimbo mbili za kutembelea. Walitembea zaidi ya mitaa 30 hadi Columbus Circle wakiimba. Sauti ilikuwa imemwishia miaka mingi nyuma, imebaki kama mkwaruzo. Akasimama katikati ya duara, akatamka mstari, akanyamaza, akawaachia.